Biti Isiyo na Maneno

Wanachama wenzangu na walimu wetu, safari hii safu ya muziki haina mashairi ya kuchambua. Mwezi uliopita zamu ya kuleta muziki klabuni ilikuwa yangu, nami nikaja na Donuts, albamu ya J Dilla wa Detroit. Baada ya biti tatu mwalimu mmoja akauliza kwa upole, "Sasa, Kiswahili kiko wapi hapo?" Tukacheka, lakini swali lake sijalisahau.

J Dilla, jina lake halisi James Yancey, alikuwa mtengenezaji wa biti za hip hop. Donuts ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye akafariki, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ina vipande 31, vingi havifiki dakika mbili. Sauti za watu zimo, ila zimemegwa kutoka santuri za zamani.

Nendeni moja kwa moja kwenye "Don't Cry". Dilla amechukua wimbo wa The Escorts, kundi lililoundwa na wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey. Mwanzoni anauacha uende kama ulivyo, kana kwamba anatuonyesha mtaji wake. Halafu anaukata vipande vidogo kama kitunguu cha kachumbari, anavipanga upya, na waimbaji wale wale wanaimba jambo ambalo hawakuliimba. Mashine aliyoitumia sana, MPC ya Akai, inaweza kunyoosha kila mdundo uangukie mahali pake sawasawa. Yeye aliacha ngoma moja iwahi kidogo, nyingine ichelewe. Ndiyo maana kichwa kinatikisika kabla hujaamua kukitikisa.

Nirudi kwa Mwalimu. Klabuni kwetu mtu akifungua mdomo tu anapimwa. Wa Bukavu anaambiwa hicho si sanifu, wa Muscat anaulizwa bibi yake alitoka Unguja ipi, nami niliyelelewa ugenini nikikosea ngeli nasahihishwa kabla ya nukta. (Nami nimewasahihisha wengine, nakiri.) Jioni ile, kwa dakika arobaini na kitu, hapakuwa na cha kusahihisha. Dada wa Bukavu, ambaye tangu Septemba husalimia na kukaa karibu na mlango, alianza kupiga meza kwa vidole. Muziki ulipokwisha akatusimulia jinsi kaka yake alivyokuwa akirekodi nyimbo redioni kwenye kaseti, akiyakata matangazo, mpaka wimbo mmoja ukaingia ndani ya mwingine. Aliongea Kiswahili cha kwao, kirefu, bila kusita. Hakuna aliyemkatiza, hata mimi.

Anayetaka kitu kipya zaidi, kikali na cha kasi, amtafute Slikback wa Nairobi, aanze na Lasakaneku ya 2018. Tahadhari: si muziki wa kusomea. Lebo iliyoitoa iko Kampala na inaitwa Hakuna Kulala. Mwalimu, naomba walau nusu alama kwa jina hilo.

Zamu ijayo ni ya dada wa Bukavu. Kaseti moja ya kaka yake anayo. Anayejua palipo na redio ya kaseti hapa chuoni aniambie kabla ya Jumatano.