Daftari Lililonusurika na Jiko



Wiki mbili zilizopita tulikuwa Nairobi kwa shughuli ya posa ya jamaa yetu, tukapata wasaa wa kufika Makina, Kibera, kumjulia hali binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko na Mnubi, miaka ishirini sasa. Wengi wetu wa pwani tunaijua Kibera kwa picha za televisheni, picha za mitaro na mabati, tukasahau kwamba mji ule ulianza kwa Waislamu. Askari wa Kinubi waliotoka Sudani na kutumikia jeshi la King's African Rifles walipewa makazi pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Walikuta msitu, na msitu kwa lugha yao ni kibra. Mwaka 1918 serikali ya Waingereza iliitangaza ardhi hiyo, ekari 4,197, kuwa ya jeshi. Wajukuu wa askari hao walingoja hatimiliki hadi mwaka 2017, na walipoipata ilikuwa ya ekari 288. Hilo lina siku yake, inshaallah. Leo tuna habari ya daftari.

Binti yetu alitubusu mkono, akatuandalia chai ya tangawizi na mahamri. Hatujafika nusu ya kikombe, akaingia chumbani, akarudi na daftari la shule lililochakaa pembe, akaliweka mbele yetu.

"Ami," akasema, "nipe ruhusa nilitie motoni."

Jiko la makaa lilikuwa pale mlangoni, limeshakolea.

Daftari lilikuwa la mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Mama mtu aliamini kuwa ndani mna hesabu. Siku moja akalifungua, akakuta nyimbo. Tena akagundua kwamba kila Jumamosi kijana huaga anakwenda kusoma na wenzake, kumbe huenda Kawangware, kwenye chumba kimoja wanakorekodi vijana, na nauli anaitoa katika pesa zake za chakula cha mchana. Baba yake alifariki miaka mitatu iliyopita. "Nimebaki nao peke yangu, Ami. Nikimwachia hili leo, kesho atavuta, keshokutwa ataacha sala. Nimewaona wa jirani."

Tusimcheke mama huyu. Sisi wenyewe huku pwani tumezika vijana ambao safari yao ilianzia kwenye maskani, na kwenye maskani hapakosi muziki. Hofu yake ni hofu ya mtu aliyeona. Tulilishika lile daftari bila ya kulifungua, tukamwomba atusubiri mwenyewe arudi.

Alirudi baada ya sala ya alasiri, kijana mrefu, mwenye haya, kofia bado i kichwani. Alipoliona daftari mapajani mwetu, rangi ilimtoka. Tukamwambia aketi, tukamwuliza kwa upole ni nani aliyemtia katika njia hii.

"Octopizzo, Babu."

Jina hilo hatukuwa tumelisikia, nasi tulikiri. Kijana akatueleza, mwanzo kwa woga, kisha kwa haraka kama mtu anayesimulia habari za mjomba wake. Kwamba huyo ni Henry Ohanga, mtoto wa Kibera hiyo hiyo. Kwamba matatu za kwenda Kibera ni za namba 8, naye alilitwaa neno la Kizungu lenye maana ya nane akajiita kwalo, ili popote atakapotajwa mtaa wake uwe umetajwa. Mwaka 2012 alitoa albamu yake ya kwanza, akaiita Chocolate City. Mjukuu wetu alikuwa mdogo bado, akaisikia katika simu za binamu zake wakubwa. Tulipouliza chokoleti inahusu nini, alitutoa nje akatuonyesha: mabati yaliyoshika kutu, bonde zima, na udongo wa chini yake. Rangi ni ile ile. Sisi tuliangalia mabati yale tangu asubuhi tukaona kutu.

Akatutia masikioni nyuzi za simu yake. Tuseme kweli, katika maneno matatu tulishika moja. Ile ni Sheng, na Sheng ya Kibera ina mizizi yake. Kiswahili cha Lamu na cha Mvita tulichosomea hakikutufaa kitu. Kijana akawa mkalimani wetu, akisimamisha wimbo kila mara kama tunavyosimamisha darsa kueleza neno la Kiarabu. Tulisikia majigambo mengi, na majigambo hatuyapendi, ingawa washairi wetu wa zamani hawakuwa nyuma katika hilo. Muyaka bin Haji hakuwa mtu wa kujificha. Zimo na nyimbo za starehe ambazo hatungependa zipigwe katika nyumba yenye mabinti, nasi tulimwambia hivyo. Lakini tulisikia pia mtu anayetaja mahali alipozaliwa bila ya kuona aibu, mahali ambapo wengine wakiombea kazi mjini huandika anwani nyingine. Na kijana akatueleza kwamba baadaye msanii huyo alishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, akakusanya vijana wenye vipaji katika kambi za Kakuma na Dadaab, ikatoka albamu inayoitwa Refugeenius. Wenye jamaa upande wa Garissa wanajua Dadaab wanakaa kina nani.

Tukamwuliza swali ambalo wengi wenu mngemwuliza. Kwa nini huyu? Kaswida hazipo? Kila Maulidi Makina haikosi wasomaji wenye sauti za kuliza.

Akainama, akafikiri. "Babu, kaswida zinasema Madina. Mimi Madina sijafika. Huyu alisema namba nane, na mimi namba nane napanda kila siku."

Hatukuwa na jawabu. Tumefundisha watoto miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote hatukumbuki kumwomba mwanafunzi hata mmoja atutungie kaswida ya mtaa wake. Nasi tulipokuwa wadogo tuliwahi kuandika beti katika ukingo wa msahafu wa kujifunzia, tukachapwa, na tulistahili kuchapwa kwa kuuandika msahafu. Ila mwalimu hakuwahi kuuliza beti zenyewe zilisema nini.

Ndipo tulipolifungua daftari.

Hatutazinukuu hapa kazi za mtoto wa watu, maana hakutupa ruhusa. Tutasema tu zilihusu nini. Moja ilihusu maji, jinsi mtungi wa lita ishirini unavyopanda bei siku mabomba yanapokauka, na nani anayetabasamu siku hiyo. Moja ilimhusu mwanamke asukaye tabaka, zile kawa za rangi za Kinubi, akisuka usiku kwa mwanga wa simu kwa sababu stima imekatika. Na moja ilikuwa juu ya jeneza linalopelekwa makaburini siku ya mvua, wabebaji wakiteleza katika tope, na mtoto anayekimbia nyuma akitaka naye apewe nafasi ya kubeba, asifikie bega la mtu.

Tuliisoma hiyo kwa sauti, taratibu, tukirekebisha Sheng pale tulipoweza. Tulipofika kwa yule mtoto asiyefikia bega, binti yetu alijifunika uso kwa leso. Yeye aliliona daftari lina nyimbo, basi. Hakuwa amesoma hata moja hadi mwisho. Ile siku ya mvua alikuwa ndani ya nyumba na wanawake wenzake. Hakujua huko njiani mwanawe alifanya nini.

Kimya kilikuwa kirefu. Kilichokivunja ni kicheko kidogo cha mamamkwe, ajuza wa Kinubi aliyekuwa pembeni na tasbihi yake muda wote, nasi tukidhani amelala. Akasema kwamba ujanani mwake hapakuwa na harusi Makina iliyochezwa doluka asiitwe yeye kutunga, na waliotajwa katika nyimbo zake wengine hawakusema naye mpaka walipokufa. "Zangu hakuna aliyezichoma," akasema, "kwa sababu sikuziandika."

Binti yetu akafuta macho, akatugeukia kama ilivyo haki yake. "Sasa Ami, ni halali au ni haramu?"

Tulimjibu kama tunavyowajibu ninyi. Maneno hupimwa kwa kilichomo. Sura ya Washairi inawalaumu washairi wanaotangatanga, kisha inawatoa katika lawama walioamini na kutenda mema na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini. Na siku ya Idi, wasichana wawili walipokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), Abubakar akakemea, Mtume ndiye aliyesema waachwe. Ama ala za nyuzi na za kupuliza, madhehebu yetu ya Shafi yana msimamo unaojulikana, nasi hatukuuficha mbele ya kijana. Wapo wanazuoni walioona vingine, Imam Ghazali ameyazungumza kwa mapana katika Ihyaa, lakini sisi tunafuata tulichosomeshwa. Dufu na sauti ya mtu vina nafasi. Nyimbo za kijana huyu kama zilivyo kwenye karatasi, hatukuona ndani yake la kutiwa motoni.

Tulimkumbusha pia habari za Siti binti Saad. Alikuwa mtoto wa Fumba, Unguja, akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akipita mitaani akinadi kwa sauti iliyofanya watu watoke milangoni. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri, na Shaaban Robert baadaye akamwandikia wasifu. Alipoimba juu ya Kijiti, mwuaji aliyetoroka, huku waliofungwa wakiwa ni wanawake waliofika kutoa ushahidi, mahakama ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Wimbo ndio uliobaki na kesi hiyo hata leo. Hatusemi kila alichoimba Siti tunakiridhia. Tunasema wazee wetu waliokuwa wakipita nyumba yake wakiziba masikio, leo wajukuu zao wanamsoma shuleni.

Kesho yake tuliomba kupelekwa Kawangware. Tulipanda hadi Barabara ya Ngong kupitia soko la Toi, tukachukua matatu mpaka Dagoretti Corner, tukaingia Barabara ya Naivasha. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mkaa: kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, kuta zimetandikwa magodoro makuukuu na trei za mayai ili sauti isitoke. Mwenye chumba ni kijana Mkristo. Alituona na kanzu yetu akaruka kusimama, akaomba radhi kwa makosa ambayo hajayafanya. Tulipokuwa tumekaa iliadhiniwa adhuhuri, naye akazima mashine bila kuambiwa. Mjukuu wetu alitueleza baadaye kwamba hufanya hivyo siku zote.

Baada ya sala kijana akaimba ule wa jeneza, sauti tupu, bila ya ala. Tumesikia sauti nyingi nzuri katika maisha yetu. Hii bado haijatulia, inavunjika juu, lakini ilipofika kwenye tope tuliiona njia ile kana kwamba tulikuwa nayo siku hiyo.

Mwenye chumba alikuwa mkweli. "Sheikh, ni kali. Lakini bila biti hakuna mtu ataisikiza. Watapita tu."

Mjukuu wetu akatutazama sisi, kisha akamtazama rafiki yake. Albamu aliyokusudia ni ya nyimbo nane, kwa sababu ya namba 8. Tungeweza kumwamuru, naye kwa adabu yake angetii mpaka tupande basi la Mombasa. Tulimwambia tunachokiamini na kwa nini tunakiamini, tukamwambia kuwa dufu ni biti pia, na wazee wa Makina wapo wanaoijua. Rafiki yake akasema hajawahi kurekodi dufu. Akauliza linapatikana wapi.

Nyumbani tulikubaliana na mama yake mambo machache. Shule imalizwe. Alfajiri isipite. Jumamosi anaweza kwenda, lakini aage kwamba anakwenda Kawangware, na nauli atapewa na mama. Na kila wimbo, kabla haujatoka nje, mama ausikie. Hili la mwisho kijana aliona gumu kuliko yote. Daftari sasa linakaa juu ya meza, karibu na msahafu lakini si juu yake.

Juzi Alhamisi usiku alitupigia simu. Tulidhani kuna msiba. Alikuwa ameanza wimbo wa tatu kwa Kiswahili sanifu, wa bibi yake na doluka, na alitaka kujua kwa nini mshororo wa pili unamkwama mdomoni kila akifika katikati. Akatusomea. Tukahesabu kwa vidole, kwake na kwetu, tukakuta mizani saba pale palipotakiwa nane.