Kichwa Kikimwuma Sana Mama Mwenye Mimba

Mke wako ana mimba ya miezi saba. Uso umevimba. Anasema kichwa kinamwuma sana, na macho yanaona ukungu. Majirani wanasema atajifungua mapacha. Labda. Lakini wewe usingoje. Mpeleke zahanati leo hii, wala usiseme kwanza tumalize kuvuna.

Huenda damu yake inakwenda kwa nguvu mno. Ugonjwa huu mara nyingi huanza baada ya mwezi wa tano. Mwanzoni wengi hawasikii maumivu yo yote. Ndiyo maana mama hupimwa kila aendapo kliniki. Muuguzi humfunga mkanda mkononi, akasoma namba mbili. Ya juu ikifika 140, au ya chini 90, lazima aangaliwe zaidi. Mkojo nao hupimwa. Kama hakupimwa, mama aulize. Kuuliza si utovu wa adabu.

Asipotibiwa, mama huweza kuanguka na kutupa mikono na miguu. Hicho ni kifafa cha mimba. Si pepo, wala hakurogwa. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Msimtie kijiko wala dawa mdomoni. Mpelekeni hospitali upesi. Huko iko sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa.

Aliyewahi kuugua hivi aanze kliniki kabla ya miezi mitatu kwisha, aeleze yaliyompata. Viko vidonge vya kumkinga, lakini asijinunulie dukani.

Hata akishajifungua, mwangalieni. Kifafa huweza kuja siku chache baadaye, wakati ndugu wamekwisha kutawanyika.