Salamabila: mbwa wa lupangu, dawa ya mboga na maji ya kijito

Katika lupangu nyingi za Salamabila, mbwa hajui chakula cha dukani. Anakula ukoko wa bugali ulioshika chini ya sufuria, vichwa vya ndagala, mifupa, na wakati wa mavuno, wali uliobaki. Analala kwenye majivu ya jiko la nje. Kama ni kuhesabu uharibifu wa mazingira kwa njia inayohesabiwa Ulaya na Marekani, mbwa huyu wa teritwari ya Kabambare hana deni kubwa.

Mwaka 2017, mtafiti Gregory Okin wa chuo kikuu cha UCLA, huko California, alitoa hesabu ambayo ilishangaza wengi: nyama inayoliwa na mbwa na paka wa Marekani peke yao inatoa hewa chafu sawa na tani milioni 64 za gesi ya kaboni kila mwaka. Tangu hapo, na hata kabla, watu wa nchi tajiri wanajadiliana juu ya chakula cha mbwa kisicho na nyama ya ng'ombe, mifuko ya kuokotea mavi inayooza yenyewe, na vitu vya kuchezea visivyo vya plastiki. Mazungumzo hayo yana maana kwao. Kwa mkaaji wa Salamabila ambaye anaweza kupitisha mwezi mzima bila kununua kilo moja ya nyama ya ng'ombe, hayana mahali pa kushikia.

Lakini isidhaniwe kwamba kusini mwa Maniema utunzaji wa mbwa haugusi mazingira. Unayagusa, tena mahali pabaya zaidi: majini.

Tatizo linaanzia kwenye ngozi. Mbwa akijaa kupe na viroboto, au akipata upele hadi manyoya yanatoka, mwenye mbwa anatafuta dawa iliyo karibu. Daktari wa wanyama hayuko karibu. Kilicho karibu ni dawa ya kunyunyizia mboga, inayouzwa sokoni kwa vipimo vidogo, mara nyingi ndani ya chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Kingine ni mafuta meusi yanayomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na ya kati, mafuta hayo yanapakwa mbwa mwenye upele, na wengi wanaapa kwamba yanaponya. Yanaua vidudu kweli, kwa sababu yanaviziba pumzi. Lakini mafuta ya injini iliyokwisha kutumika yamebeba vipande vya chuma na sumu zilizotokana na kuungua. Mbwa anajilamba, na anachokilamba kinaingia tumboni. Kinachobaki kinashuka na mvua ya kwanza.

Na mvua ya Maniema haingoji. Maji yanatoka kwenye lupangu, yanapita kwenye mfereji wa balabala, yanaingia kwenye kijito. Kijito hicho ndicho cha kufulia, ndicho cha kuosha mchanga wa dhahabu, na chini kidogo ndipo watoto wanajaza bidoni.

Anayefikiri kwamba dawa ya mbwa mmoja ni kidogo sana kuweza kudhuru mto, aangalie Uingereza. Kule watafiti walichukua sampuli za maji kwenye mito 20 kati ya 2016 na 2018. Dawa iitwayo fipronil, ambayo wakulima wa nchi ile hawaruhusiwi tena kuitumia shambani, ilipatikana katika sampuli zaidi ya 98 kwa kila 100. Ilitoka wapi? Maelezo waliyoona kuwa na nguvu zaidi ni mbwa na paka: matone yanayowekwa shingoni ili kuua viroboto, yanayotoka wakati mnyama anaogeshwa au anapoogelea. Ni nchi yenye sheria, maabara na mitambo ya kusafisha maji machafu, na hata hivyo wadudu wa majini, ambao ni chakula cha samaki, wako hatarini. Salamabila haina mtambo wa kusafisha maji machafu. Kinachomwagwa ndicho kinachonywewa.

Njia nyingine ipo, na haihitaji fedha nyingi. Kupe jike akishiba anaanguka kutoka kwa mbwa, anaingia kwenye nyufa za ukuta au chini ya gunia la kulalia, na huko anataga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo anayempaka mbwa sumu kila juma na kuacha gunia lile lile pembeni ya nyumba anafanya kazi isiyokwisha. Gunia lichemshwe au lichomwe. Nyufa zizibwe kwa udongo. Pahali pa kulala pafagiwe kila siku na paachwe wazi kwenye jua. Mbwa aogeshwe kwa sabuni ya kawaida, mbali na kijito, maji yake yamwagwe kwenye udongo mkavu ambako migomba inaota. Kupe wang'olewe kwa mkono, mtu akijifunika vidole kwa jani au kitambaa, kisha watumbukizwe kwenye maji ya sabuni. Na kuku waachwe wazunguke. Kuku anakula kupe bila kuombwa, na hakuna kampuni inayomtangaza kwa kazi hiyo.

Upele ni jambo jingine. Ukishaingia ndani ya ngozi, sabuni haitoshi. Hapo dawa ya kweli inahitajika, sindano au kidonge kinachopimwa kulingana na uzito wa mbwa, na wa kuitoa ni mtu wa mifugo aliyejifunza kazi hiyo. Dawa ndogo iliyopimwa vizuri inachafua kidogo kuliko lita nzima ya mafuta meusi. Wenye mbwa watano au sita kwenye mtaa mmoja wanaweza kuchanga franga na kumwita mtaalamu mara moja kutoka Kasongo, badala ya kila mmoja kumwaga chake kwenye mfereji.

Kwenye machimbo kuna hatari nyingine ambayo mbwa anaikuta bila kuitafuta. Pale wachimbaji wanapotumia zebaki kukamata dhahabu, sahani na karai zinapita mkono kwa mkono. Karai lililotumika kuchanganya zebaki halipaswi kuwa chombo cha chakula tena, wala cha mtu, wala cha mbwa. Mtu akisema «huyo ni mbwa tu», akumbuke Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Miaka ya 1950, paka wa mji ule walianza kutetemeka, kuzunguka kama walevi na kutumbukia baharini. Watu walisema paka wanacheza ngoma. Mwaka 1956 ugonjwa huo huo ulitambuliwa rasmi kwa wanadamu: zebaki iliyomwagwa na kiwanda ilikuwa imeingia kwenye samaki. Paka walikula samaki wengi, wakaonyesha dalili mapema. Mnyama wa nyumbani anayekunywa maji ya machimbo na kula samaki wa kijito naye ni wa kuangaliwa. Mbwa wakianza kutetemeka au kupoteza nguvu za miguu kwa wingi mahali pamoja, habari hiyo ifikishwe kwenye kituo cha afya, isiishie kwenye kicheko.

Kuhusu mavi ya mbwa, mengi hayahitajiki kusemwa. Mifuko ya plastiki si jibu katika nchi ambayo serikali yake ilipiga marufuku sashe kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, hata kama sashe hizo bado zinaonekana kwenye kila soko. Jembe na shimo vinatosha. Shimo liwe mbali na kisima, mita 30 angalau, kama inavyoshauriwa kwa choo cha watu. Mavi hayo yasitiwe kwenye bustani ya lengalenga au ya sombe kama mbolea, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa yanadumu udongoni miaka, na mtoto anayecheza pale na kula bila kunawa ndiye anayeyapata.

Mwituni, mambo yanakuwa mazito zaidi. Mbwa wa Kongo ni mwindaji tangu zamani. Aina yake moja, mbwa mdogo asiyebweka anayefungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji amsikie kwenye majani marefu, ilipelekwa Uingereza na kuonyeshwa London mwaka 1895. Leo inafugwa duniani kote kwa jina la basenji, jina ambalo mtu yeyote wa huku analielewa vizuri kuliko wafugaji wake wa ng'ambo. Si jina la heshima, lakini mbwa mwenyewe anaheshimiwa.

Mbwa wa namna hiyo hachagui. Anakamata mnyama mwenye mimba kama anavyokamata dume, na anayelindwa na sheria kama asiyelindwa. Sheria ya uwindaji ya 1982 ipo, na ile ya uhifadhi wa asili ya Februari 2014 ipo pia, lakini mbwa anayeachwa bila kulishwa atajilisha mwenyewe porini. Hapa ndipo bugali la jioni linakuwa kazi ya kulinda msitu: mbwa aliyeshiba na aliyefungwa usiku haendi kumaliza paa na kanga.

Tena kuna matumbo na ngozi za wanyama wa pori wanazotupiwa mbwa. Nchini Gabon, baada ya mlipuko wa Ebola wa 2001 na 2002, watafiti walipima damu ya mbwa wa vijiji vilivyoguswa na ugonjwa. Karibu theluthi moja walikuwa na alama za kukutana na virusi hivyo, na hakuna aliyeonekana kuugua. Haikuthibitishwa kwamba mbwa waliambukiza watu. Lakini kwa nchi iliyozika watu zaidi ya 2,000 katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, kufukia matumbo hayo badala ya kumtupia mbwa ambaye baadaye atalamba mikono ya watoto si jambo la kujadiliwa muda mrefu.

Kuna pia wale mbwa wasio na mwenyewe. Mapigano ya 2018 na 2019 kuzunguka Salamabila na mgodi wa Namoya, kati ya jeshi na wapiganaji wa Mai-Mai Malaika, yalifanya watu kwa maelfu wakimbie. Anayekimbia na watoto mgongoni na godoro kichwani hawezi kuburuta na mbwa. Kila mahali panapohamwa hivyo, mbwa wanaobaki wanakutana, wanazaana, wanaishi kwa jalala.

Mji ukishaogopa mbwa hao, wazo la kwanza ni nyama yenye sumu. Limefanywa katika miji mingi ya Afrika, na halijafaulu. Shirika la Afya Ulimwenguni limekwisha kusema wazi kwamba kuua mbwa hakukomeshi kichaa cha mbwa: nafasi ya waliokufa inachukuliwa na wengine ambao hawajachanjwa. Sumu nayo haibaki kwenye nyama. Tai anakula mzoga, anakufa. Kunguru vilevile, nguruwe wa jirani vilevile. Kisha mvua inanyesha, na njia ya maji imekwisha kuelezwa. Kiongozi wa mtaa anayetaka kugawa nyama ya sumu aulizwe kwanza mizoga itafukiwa wapi, na nani.

Chanjo ndiyo inayofaulu. Kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 duniani kila mwaka, na kati ya watu 100 wanaokufa, 99 waliambukizwa na mbwa. Mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Wanyama wa pori nao wananufaika: mwaka 1994, ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa distempa, uliua simba karibu 1,000 katika Serengeti, theluthi moja ya wote, na mbwa wa vijiji vya kandokando ndio walioshukiwa. Na yeyote aliyeumwa asingoje mganga: jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio kwenye kituo cha afya.

Jibu linalotolewa kila mara Salamabila likitajwa ni kwamba chanjo inataka baridi, na umeme hakuna, balabala ni mbaya. Jibu hilo limepungua nguvu. Watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha mwaka 2016 kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa inayotumika sana ilibaki na nguvu yake baada ya kuwekwa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, na miezi 3 kwenye nyuzi 30. Baadaye, katika mkoa wa Mara, chanjo hiyo ilihifadhiwa vijijini ndani ya vyombo vya udongo vinavyopozwa na maji yanayokauka polepole kwenye kuta zake, bila friji, bila jenereta, bila mafuta ya kuchoma. Wanakijiji wenyewe walifundishwa kuchanja.

Hilo linawezekana Kabambare. Idara ya mifugo ya jimbo, huko Kindu, inaweza kuomba dozi. Vyama vya wachimbaji, ambavyo vinajua kuchanga fedha kwa ajili ya pampu za maji ya mashimo, vinaweza kulipa mafuta ya pikipiki kutoka Kasongo. Kampuni yoyote inayochimba Namoya ina wajibu kwa wakaaji wanaoizunguka, na gharama ya dozi hizo ni ndogo mbele ya gramu za dhahabu zinazotoka pale kwa siku moja. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, na mitungi ya udongo inaweza kuwa tayari kabla ya hapo.