Meli za anasa, meza ya jioni na heshima ya mji: Tanga ijipangeje?

UPANUZI wa Bandari ya Tanga, uliogharimu Sh429.1 bilioni, ulikusudiwa kwanza kabisa kuhudumia shehena. Kina cha maji gatini kimeongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na magati yenye urefu wa mita 450 yamechukua nafasi ya utaratibu wa zamani, ambapo meli kubwa zilisimama takriban kilomita 1.7 kutoka nchi kavu na mizigo ikavushwa kwa matishari.

Hata hivyo, gati linaloweza kupokea meli ya mbolea laweza pia kupokea meli ya watalii. Ndiyo maana mazungumzo kuhusu bandari hiyo hayaishii tena kwenye katani, saruji na klinka. Mji wenye Mapango ya Amboni upande wa kaskazini, magofu ya Tongoni upande wa kusini na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009 una kila sababu ya kutamani sehemu ya wageni ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipita mbali, wakielekea Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Swali linalostahili kuulizwa mapema ni hili: mgeni wa namna hiyo huja kwa utaratibu gani, na mwenyeji ana utaratibu gani wa kumpokea? Jambo moja linaloonekana dogo, yaani mavazi ya chakula cha jioni melini, lasaidia kulijibu.

Katika meli za anasa, mlo wa jioni ni tukio lenye sheria zake. Kampuni ya Cunard ya Uingereza, yenye meli ya Queen Mary 2 iliyoanza safari mwaka 2004, huwataka abiria wake wabadili mavazi kuanzia saa 12 jioni. Katika usiku maalumu wa sherehe, wanaume hutarajiwa kuvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo au suti ya rangi ya kiza, na wanawake magauni ya jioni. Asiyetaka kujipamba hafukuzwi melini. Huelekezwa kwenye kumbi nyingine ambako chakula hutolewa bila masharti hayo.

Si kampuni zote zinazofuata njia hiyo. Norwegian Cruise Line iliachana na usiku wa lazima wa suti tangu mwaka 2000, ilipoanzisha utaratibu wa abiria kula atakapo na kuvaa apendavyo. Meli yake ya Norwegian Dawn, yenye uwezo wa kuchukua abiria zaidi ya 2,000, imewahi kufika katika pwani ya Tanzania. Lakini hata katika kampuni zilizolegeza kamba, mipaka ingalipo. Mavazi ya kuogelea hayaruhusiwi katika kumbi kuu za chakula, na vesti na kandambili hukataliwa katika nyingi ya kumbi hizo.

Kwa mji wa Tanga, habari hii ina maana mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi. Meli ya kitalii kwa kawaida huingia bandarini asubuhi na kuondoka kabla ya giza. Abiria huamriwa kurejea mapema, wapate kuoga, kubadili nguo na kuketi mezani. Kwa maneno mengine, meza ya jioni ndiyo saa ya meli. Chakula chake kimelipiwa tangu siku tiketi ilipokatwa, na vinywaji hununuliwa humo humo ndani.

Ni katika saa hizo hizo ambapo miji ya pwani huamka. Bustani ya Forodhani mjini Zanzibar huanza kunoga baada ya sala ya Magharibi, wakati moshi wa mishkaki unapopanda na taa za wauzaji zinapowashwa. Ngamiani na vitongoji vingine vya Tanga navyo huchangamka wakati huo kwa mhogo wa kukaanga, chipsi na kahawa chungu. Mgeni wa meli huwa ameshaondoka. Hivyo anayetarajia kwamba watu 2,000 wakishuka watamlisha kila muuza chakula wa mji atavunjika moyo, asipoelewa kwamba mgeni huyo ana saa chache tu za mchana.

Mji unaolielewa hili utaweka biashara yake mchana: safari fupi ya Amboni, matembezi katika majengo ya enzi ya Wajerumani, chakula cha mchana cha samaki na wali wa nazi, na bidhaa za kubebeka. Utafanya pia hesabu ya muda wa barabarani, kwa sababu Pangani na Saadani haziwezi kuuzwa kwa mtu anayetakiwa kurudi melini saa 10 alasiri kama zinavyouzwa kwa mtu anayelala hotelini.

Maana ya pili ni ya kijamii, na ndiyo nzito zaidi. Pwani ya Kaskazini ina wakazi wengi Waislamu, na uvaaji wa staha hapa ni mila inayoheshimiwa hata na wasio Waislamu. Mtu huyo huyo anayefunga tai ili apate kuingia kwenye ukumbi wa chakula usiku huweza, asubuhi yake, kushuka gatini na kutembea sokoni kifua wazi au kwa vazi la kuogelea. Anajua kwamba meza ina heshima yake. Hakuna aliyemwambia kwamba mtaa nao una heshima yake.

Zanzibar imelipitia tatizo hilo. Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza faini isiyopungua dola 700 za Marekani kwa mtalii atakayevaa kinyume cha maadili, huku waongozaji na kampuni za utalii nao wakikabiliwa na faini. Nia ilieleweka. Ugumu wa faini ni kwamba huja baada ya kosa, humtia hofu asiyekusudia ubaya, na huacha mlango wa majadiliano ya pembeni kati ya mgeni na anayemkamata.

Historia ya Tanzania Bara nayo inatoa onyo. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kutekeleza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Kampeni iliyokusudiwa kulinda utamaduni iliishia kuwapa baadhi ya vijana wa mitaani kisingizio cha kuwasumbua wanawake. Amri ya mavazi isiyo na mipaka humwangukia kwanza aliye dhaifu, naye mara nyingi ni msichana mwenyeji, si mtalii mwenye ubalozi nyuma yake.

Wapo pia watakaosema kwamba Tanga ni mji unaohitaji fedha na haupaswi kuanza na masharti. Hoja hiyo ina uzito, maana bandari jirani zinashindana. Mombasa imejenga jengo maalumu la abiria wa meli za kitalii, na Zanzibar ina jina ambalo dunia nzima inalijua. Lakini wanaotoa hoja hiyo wanasahau kwamba meli zenyewe zinauza masharti. Kuna abiria wanaolipa zaidi ili waketi kwenye ukumbi ambao si kila vazi linaingia. Utaratibu ulioelezwa kwa adabu haumfukuzi mteja. Humfanya aone kwamba amefika mahali penye wenyewe.

Tofauti iko katika namna ya kusema. Melini, abiria hupewa habari kabla hajafunga sanduku lake nyumbani, kisha hukumbushwa kwenye ratiba ya kila siku. Mlangoni husimama mhudumu mwenye tabasamu, si askari mwenye kitabu cha faini. Anayekosea huonyeshwa njia nyingine. Hakuna linaloizuia Tanga kufanya vivyo hivyo: karatasi moja ya maelezo kwa mawakala wa meli, waongozaji waliofundishwa kulisema jambo hilo kabla basi halijaondoka gatini, na vibanda vya akina mama karibu na lango la bandari vinavyouza kanga na vikoi. Mgeni atakayejitanda kanga atakuwa amejistiri, amepata kumbukumbu, na fedha yake imebaki mjini.

Ikumbukwe pia kwamba pwani hii si ngeni kwa meli za abiria. Katika miaka ya 1950 meli za Kenya na Uganda za kampuni ya British India ziliunganisha London na bandari za Afrika Mashariki, Tanga ikiwamo. Katika daraja la kwanza watu walivaa rasmi kwa chakula cha jioni, wakati abiria wa sitaha katika meli nyingine za kampuni hiyo zilizotoka Bombay walisafiri na mikeka yao. Vazi la jioni lilikuwa ukuta kati ya tabaka na tabaka, na wenyeji wa Tanga waliuona ukuta huo kutoka upande wa wapakuzi wa mizigo.

Leo mambo yamebadilika kiasi cha kutia moyo. Baadhi ya kampuni za Uingereza hulihesabu vazi rasmi la kitaifa kuwa sawa na suti ya usiku wa sherehe. Kwa kipimo hicho, mzee wa Tanga aliyevaa kanzu iliyonyooshwa, kofia ya viua na koti angeingia kwenye ukumbi ule bila kuulizwa. Ni jambo la kujiuliza kwamba kanzu yaweza kutambuliwa melini, ilhali nchini mjadala wa vazi la taifa, ulioundiwa kamati mwanzoni mwa miaka ya 2010, umezungumzwa kwa miaka mingi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ajifiche. Kama Tanga inataka kupona kwa meli hizi, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, halmashauri ya jiji, viongozi wa dini na wafanyabiashara wanapaswa kukaa pamoja sasa, magati yakiwa bado mapya, wakubaliane mgeni ataambiwa nini, na nani, na kabla ya saa ngapi. Wakingoja hadi meli itie nanga, watajikuta wakilumbana gatini huku king'ora kikiwaita abiria warudi kuvaa kwa ajili ya chakula cha jioni.