Viza ya masomo imekataliwa? Kabla ya kulipia 'rufaa', soma hii

Barua ya kukataliwa huwa fupi: ofisa hajaridhika kwamba mwombaji ataondoka nchini muda wa masomo ukiisha. Kwa familia ya Kitomanga, mkoani Lindi, iliyouza korosho na ufuta ili kijana akasome nje, sentensi hiyo moja ni hasara ya mamilioni. Hapo ndipo wakala anapojitokeza: lipeni, tukate rufaa.

Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: rufaa hiyo ipo kweli? Jibu linategemea nchi.

Marekani: rufaa haipo

Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya 1952 kinamchukulia mwombaji wa viza ya masomo kuwa mtu anayetaka kuhamia moja kwa moja, mpaka athibitishe vinginevyo. Ofisa akikataa, hakuna pa kukata rufaa. Ni kuomba upya na kulipa tena ada ya dola 185. Na hata njia hiyo imebanwa tangu Januari 1, 2026, agizo la Rais Donald Trump lilipositisha viza mpya za masomo kwa Watanzania, isipokuwa kwa misamaha michache.

Uingereza: siku 28

Aliyeomba akiwa nje ya Uingereza anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 28, kwa ada ya pauni 80. Kinachoangaliwa ni kama ofisa alikosea. Kwa kawaida huu si muda wa kupeleka nyaraka ulizosahau.

Kanada: siku 60

Aliyekataliwa akiwa nje ya Kanada ana siku 60 za kwenda Mahakama ya Shirikisho, na lazima kwanza mahakama ikubali kusikiliza shauri. Ukishinda, mahakama haikupi viza. Inarudisha ombi likaamuliwe upya na ofisa mwingine. Waombaji wengi wameshinda huko kwa sababu ofisa alipuuza ushahidi uliokuwa mezani, au hakueleza alifikaje kwenye uamuzi wake.

Mkulima anavyoonekana kwenye karatasi

Ofisa haijui Kitomanga. Anachoona ni akaunti iliyokaa tupu miezi kadhaa, halafu ghafla zinaingia milioni kadhaa. Kwake hiyo inafanana na hela ya kuazima. Kwa mkulima wa Lindi, huo ni msimu tu.

Bahati nzuri, mfumo wa stakabadhi ghalani unaacha alama. Korosho na ufuta hupita AMCOS, huuzwa mnadani na malipo huingia benki. Stakabadhi za mauzo za misimu miwili au mitatu, zikiambatana na taarifa ya benki na barua fupi ya maelezo, zinaonyesha hela imetoka wapi. Shamba la urithi lisilo na karatasi halimsaidii mtu mbele ya ofisa. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasaidia.

Lakini shamba ni la mzazi. Linathibitisha ada na familia, ila halisemi kijana atarudi kufanya nini. Hilo linahitaji maelezo yake mwenyewe: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hicho, na kazi gani inamsubiri nyumbani.

Uamuzi wa busara

Omba kwanza sababu kamili za kukataliwa. Kisha linganisha na ulichopeleka. Kama ushahidi ulikuwepo na ofisa ameuruka, pigania uamuzi huo kabla siku hazijaisha. Kama haukuwepo, usipoteze hela kwenye mapitio: omba upya, ukiwa na kile kilichokosekana. Kurudisha faili lilelile ni kununua jibu lilelile.

Na wakala akitaka "kunenepesha" taarifa ya benki, mkimbie. Udanganyifu unaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka 5, na wa Uingereza kwa miaka 10. Ombi lililokataliwa kwa haki linaweza kurekebishwa. Karatasi ya kughushi inabaki na jina la kijana, wakati wakala ameshahamia kwa mteja mwingine.