Nani Aliruka wa Kwanza kwa Ndege?

Muulize Mbrazili ni nani aliyeruka wa kwanza kwa ndege, atakujibu: Santos-Dumont. Mfaransa atamtaja Clément Ader. Katika jimbo la Connecticut, huko Marekani, wabunge walitoa sheria mwaka 2013 ya kumheshimu Gustave Whitehead. Watu wengine wengi husema: Wilbur na Orville Wright. Tena wako wanaosema: Yaishe, wote ni wakubwa, wagawane heshima hiyo kama ndugu wagawanavyo chakula. Maneno hayo yana sura ya upole, lakini sisi hatuyakubali. Heshima ya kazi ni mali ya aliyeifanya. Ukimgawia asiyestahili, umemnyang'anya mwenyewe.

Kwanza tuelewane: kuruka maana yake nini? Kuku akifukuzwa na mbwa huruka pia. Sisi twatafuta mashini iliyochukua mtu, ikainuka kwa nguvu ya injini yake, ikaenda mbele, ikaongozwa na mtu huyo, ikashuka mahali pasipo chini kuliko ilipotoka. Tena twataka mashahidi.

Ader alikuwa fundi hodari, na neno avion tunalolisema hapa Kongo ndiye aliyelitunga. Lakini tarehe 9 Oktoba 1890 mashini yake ya mvuke iliinuka sentimeta 20 hivi tu, ikaenda meta 50 hivi, naye hakuwa na njia ya kweli ya kuiongoza. Baadaye alidai kwamba mwaka 1897 aliruka meta 300 mbele ya maofisa wa jeshi. Taarifa ya maofisa wale ilipotangazwa mwaka 1910, haikumuunga mkono.

Na Whitehead? Gazeti moja la Bridgeport liliandika kwamba aliruka mwezi wa Agosti 1901, karibu nusu maili. Picha ya safari hiyo iko wapi? Hakuna. Mmoja wa watu waliotajwa na gazeti kuwa walikuwapo, alipoulizwa miaka mingi baadaye, alikana. Tena twauliza neno moja: mtu aliyeruka nusu maili mwaka 1901, kwa nini mashini zake za miaka iliyofuata hazikuruka? Mwenye kujua njia ya mtoni haipotei kesho yake.

Santos-Dumont ni habari nyingine, naye twamheshimu. Tarehe 12 Novemba 1906, karibu na Paris, aliruka meta 220 mbele ya umati wa watu na wakaguzi wa chama cha warukaji wa Ufaransa. Rafiki zake husema: ndege yake ilikuwa na magurudumu, ikaondoka yenyewe, lakini ile ya ndugu Wright ilirushwa kwa uzito ulioangushwa kutoka mnarani. Hapa wanachanganya miaka. Mnara ule ulianza kutumika mwaka 1904. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, katika North Carolina, palikuwa na reli ya mbao iliyolazwa mahali sawa, na upepo mkali wa mbele, na injini ya farasi 12. Hapakuwa na mnara. Waliruka mara nne. Orville alianza: sekunde 12, meta 37 hivi. Wilbur alimaliza: sekunde 59, meta 260. Watu watano walisimama pale wakitazama, na mmoja wao, John Daniels, alipiga picha ambayo dunia nzima imeiona. Na tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka juu ya shamba moja la Ohio kwa dakika 39, akaenda kilometa 39 hivi. Mwaka mmoja baadaye Paris ilishangilia meta 220.

Kosa la ndugu Wright twalisema wazi: walijificha. Tangu Oktoba 1905 hawakuruka tena mpaka 1908, wakiogopa kuibiwa kabla ya kuuza. Ndiyo maana Wafaransa waliwaita waongo, mpaka Agosti 1908 Wilbur aliporuka mbele yao karibu na Le Mans. Siku ile waliona ndege ikigeuka na kulala upande kama mwewe, nao wenyewe wakakiri kwamba wameshindwa.

Lakini dhuluma kubwa haikutoka Ulaya. Ilitoka kwao Marekani, katika Smithsonian, nyumba kubwa ya elimu ya Washington. Mkuu wake, Samuel Langley, alipewa na serikali dola 50,000 atengeneze ndege. Ikaanguka katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, ikaanguka tena tarehe 8 Desemba. Siku tisa baadaye mafundi wawili wa baisikeli waliruka kwa fedha yao wenyewe! Mwaka 1914 Smithsonian ilimpa Glenn Curtiss, aliyekuwa akishtakiwa na Orville, mashini ile ya Langley. Akabadili mabawa na mambo mengine, akaiinua kidogo juu ya ziwa. Kisha ikarudishiwa umbo lake la zamani, ikawekwa mbele ya watu na maandishi kwamba ndiyo mashini ya kwanza iliyoweza kuruka na mtu. Je, wenye elimu hawakujua walichofanya? Walijua. Orville akakasirika, akaipeleka ndege yake London mwaka 1928. Smithsonian ilikiri mwaka 1942 tu. Ndege ilirudi mwaka 1948, Orville amekwisha kufa.

Wakati huo warithi wake walitia katika mkataba sharti hili: Smithsonian isiseme kamwe kwamba mashini nyingine iliruka na mtu kabla ya 1903, ikisema, ndege itarudishwa kwao. Twajua uchungu uliowafanya waandike hivyo. Hata hivyo sharti hilo linawapa adui zao neno la kusema, nao hulisema kila mwaka: mmenunua ushuhuda. Picha ya Daniels ipo, na daftari za ndugu hao zipo. Warithi na Smithsonian wakae pamoja, walifute.