Meno ya Mama Yakaguliwe Kabla ya Mimba

Askari anayeijua kazi yake hangoji kusikia mlio wa risasi ndipo asafishe bunduki. Huisafisha wakati wa utulivu, huipaka mafuta, hukagua mtutu wake, na siku ya hatari ikifika hana cha kuhangaikia. Lakini askari huyo huyo akipewa likizo kwenda kumwona mkewe Mukuju, Osukuru, au ng'ambo ya mpaka huko Amagoro, hushika safari akiwa na nia ya kupata mtoto pasipo kujiuliza hata mara moja kama kinywa cha mama wa mtoto huyo ki tayari kwa miezi tisa ijayo. Tumesema kinywa, wala hatukukosea.

Mimba haianzi na kuishia tumboni. Homoni zinazoilinda huzunguka mwilini mwote, na fizi ni miongoni mwa sehemu zinazoathirika mapema. Utando wa ukoga uliokuwa ukiwashika meno mwaka jana bila kuleta kero kubwa, sasa huzifanya fizi zivimbe, ziwe nyekundu na kutoka damu kila mama apigapo mswaki. Wataalamu wa Marekani hukadiria kwamba katika kila wajawazito 100, kati ya 60 na 75 hupatwa na uvimbe huo. Kwa mama aliyeingia katika mimba akiwa na fizi safi, jambo hilo aghalabu hupoa baada ya kujifungua. Kwa yule aliyeingia akiwa tayari na ugonjwa uliokwisha kufika kwenye mfupa unaoshika jino, mambo huweza kuzidi kuharibika.

Tena kuna kutapika. Asidi itokayo tumboni hulainisha gamba gumu la jino, na mama akikimbilia mswaki papo hapo hulikwangua gamba hilo kwa mkono wake mwenyewe. Yafaa asukutue kwa maji kwanza, kisha angoje kama nusu saa ndipo apige mswaki. Ongeza na hamu ya kula kidogo kidogo mchana kutwa, chai yenye sukari nyingi, mandazi, miwa na soda, na jino lililokuwa na tundu dogo kama tundu la sindano halitachukua muda kumnyima mama usingizi.

Hapa hatuna budi kuupinga usemi wa zamani usemao kwamba kila mtoto huja na kuondoka na jino moja la mama yake. Usemi huo si wa Afrika peke yake. Hata Ulaya wazee wameusema kwa karne nyingi. Mtoto hachomoi chokaa katika meno ya mama. Chakula kikipungua, chokaa hiyo hutoka katika mifupa, wala si katika meno. Jino huozeshwa na vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi. Ubaya wa usemi huu ni kwamba humfanya mwanamke aone kung'oka kwa jino lake kuwa kodi ya uzazi, ailipe kwa subira na kunyamaza, ilhali kodi hiyo hakuna aliyemtoza.

Wapo watakaouliza: kwa nini kabla ya mimba? Je, mja mzito hatibiwi meno? Hutibiwa, na tena kwa usalama. Kuziba jino, kuling'oa, hata sindano ya ganzi, vyote hufanyika katika ujauzito, hasa katika miezi mitatu ya katikati, wala mama mwenye maumivu asizuiwe na mtu yeyote kwenda kwa daktari. Lakini iko tofauti kati ya kazi inayofanywa kwa nafasi na kazi inayofanywa kwa dharura. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba akina mama wenye ugonjwa mkali wa fizi hujifungua kabla ya wakati, au huzaa watoto wadogo, mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Basi mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa wajawazito zaidi ya 800 wenye ugonjwa huo. Waliosafishwa fizi wakiwa na mimba walipona fizi, lakini hawakupungua katika kuzaa kabla ya wakati. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu, na wako wanaosema kwamba huenda tiba hiyo ilikuja ikiwa imechelewa. Sisi twaona kwamba mwenye nafasi ya kutibiwa mapema hana haja ya kungoja ubishi huo uishe.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya dawa. Jino likiuma usiku wa manane, na mume yuko lindoni mbali na nyumbani, mama hutuma mtoto dukani. Katika miji ya mpakani kama Malaba na Busia vidonge vya kutuliza maumivu ni rahisi kupatikana kama kiberiti. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa baada ya wiki ya 20 ya mimba zaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni, na karibu na kujifungua zaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake. Parasetamoli ndiyo hushauriwa, nayo kwa kipimo chake. Tetrasaiklini nayo, ambayo watu wengi huimeza kwa kila jipu na kila uvimbe, ikitumiwa baada ya mwezi wa nne wa mimba huyatia meno ya maziwa ya mtoto rangi ya manjano au ya kahawia kabla hayajaota. Na hapa twawasemesha wanajeshi hasa, kwani katika majeshi mengi ulimwenguni askari hupewa doksisaiklini, iliyo ndugu ya tetrasaiklini, ili kujikinga na malaria. Vidonge vilivyosalia katika begi la safari visiwe duka la dawa la nyumbani. Afande asimgawie mkewe.

Sasa tutazame jinsi majeshi ya wenzetu yafanyavyo. Jeshi la Marekani huwapanga askari wake katika madaraja manne ya afya ya meno. Wa kwanza ni mzima. Wa pili ana kasoro isiyo ya haraka. Wa tatu ana ugonjwa unaoelekea kumletea dharura katika muda wa miezi 12. Daraja la nne ni la yule ambaye hajapimwa, au hali yake haijulikani, naye kwa kawaida hapelekwi vitani, kama vile wa daraja la tatu asivyopelekwa, mpaka apimwe. Sababu ni nyepesi: jino linaweza kumwondoa mpiganaji mstari wa mbele sawasawa na risasi. Tukiwapanga wake zetu kwa kipimo hicho, na askari wa kike walio katika vikosi vyetu pia, wangapi watatoka nje ya daraja la nne? Nasi twawapeleka katika kazi iliyo ndefu kuliko misafara mingi ya kijeshi.

Kwa walio Mukuju, njia si ndefu. Hapo kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale kipo kituo cha afya cha daraja la nne, na kwa kanuni za Wizara ya Afya ya Uganda kituo cha daraja hilo chastahili kuwa na afisa wa afya ya meno. Tangu mwaka 2001 malipo ya matibabu yalifutwa katika vituo vya Serikali, isipokuwa katika wodi za kulipia. Lisiloweza kutibiwa hapo litaelekezwa hospitali ya Tororo. Kazi ya nyumbani ni mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floridi, na kila mtu na mswaki wake. Asiye na mswaki wa dukani atumie wa kijiti, maana huo ndio uliolipa neno letu la mswaki asili yake, nao ukitumiwa vizuri husafisha.

Kuna jambo moja ambalo twalileta mbele ya wakuu wa vikosi na maofisa wa kota za polisi. Likizo za askari hujulikana mapema, na kila kikosi kina waganga wake. Si vigumu mganga, anapomkagua askari anayekwenda likizo, amwulize kama nyumbani wanakusudia kupata mtoto, na amwandikie barua ya kumpeleka mkewe kwa daktari wa meno katika juma la kwanza la likizo, siyo la mwisho, ili jino likihitaji kuzibwa na fizi zikihitaji kurudiwa, siku ziwepo. Askari wa kike aandikiwe barua yake mwenyewe. Na wanaotumia uzazi wa majira waende wakati bado wanatumia, kabla hawajaacha.